Pikapu kulisha umeme wa kempa: volti 1.1 zinapotelea wapi?

#1 MsafaraWaSame
Wakuu salaam. Naomba wenye uelewa wa umeme wa magari wapite hapa.

Gari ni Land Cruiser 79, injini 1HZ, mfumo wa volti 12. Mgongoni imebeba kempa ya bati (chumba cha kulala safarini). Ndani kuna friji ya kompresa lita 50, taa nne za LED, pampu ya maji na soketi mbili za kuchajia simu. Betri ya pili ni AGM (betri ya risasi iliyofungwa, haiongezwi maji) ya 100 Ah (ampea-saa), imekaa ndani ya kempa. Katikati kuna rilei inayohisi volti: inaunga betri mbili zikifika 13.3, inaachia zikishuka 12.8. Waya wa chanya ni wa 6 mm², urefu mita 5.5 kutoka betri ya mbele hadi ya nyuma. Hasi ya betri ya nyuma imefungwa kwenye chesisi.

Vipimo injini ikiwa kwenye mizunguko 1500, dakika za mwanzo za kuchaji: betri ya mbele 14.2, betri ya kempa 13.1. Mita ya klampu kwenye waya wa chanya inasoma ampea 22. Baada ya saa sita za barabara betri ya nyuma ikipumzika inasoma 12.4 tu, na alfajiri friji inajikata. Betri ina miezi miwili.

Fundi mmoja anasema alteneta imechoka, mwingine anasema betri ni mbovu. Volti 1.1 zinapotelea wapi, na nianze kubadili nini?

#2 FundiGerezani
Waache hao mafundi wawili, tatizo ni waya. Shaba ya 1 mm² ina ukinzani wa omu 0.0175 kila mita. Njia yako ni mita 5.5 kwenda na 5.5 kurudi, jumla 11. Zidisha 11 kwa 0.0175, gawa kwa 6, unapata omu 0.032. Zidisha kwa ampea 22: volti 0.7 zimeliwa na waya peke yake. Weka 25 mm² uone. Hesabu ileile inakupa 0.17.

Wengi wanachagua waya kwa kuangalia kama hautaungua. 6 mm² haiungui kwa ampea 22, kweli, ila betri haiwezi kujaa kwa makombo yanayobaki mwisho wa waya.

#3 KokotoaKwanza
Mkuu FundiGerezani, rudia kusoma #1. Kasema hasi imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo mita 5.5 za kurudi hazipo. Shaba yake ni mita 5.5 tu, yaani 0.35. Zinabaki 0.75 ambazo hesabu yako haizielezi. Mimi naweka pesa kwenye ethi, yaani njia ya hasi kurudi kupitia chuma cha gari.

Chesisi yenyewe ni chuma kinene, hainyimi umeme njia. Shida iko kwenye miisho. Injini imekaa juu ya mipira, kabini imekaa juu ya mipira. Umeme ukitoka chesisi hauna njia ya kurudi kwenye betri ya mbele na alteneta isipokuwa vile viwaya vya ethi vya kiwandani. Kile cha kutoka hasi ya betri kwenda bodi mara nyingi ni chembamba, kiliwekwa kwa ajili ya taa na redio. Leo unakidai kipitishe chaji ya betri nzima.

#4 FundiGerezani
@KokotoaKwanza nakubali, sikuiona ya chesisi. Lakini 6 mm² bado ni ndogo, hapo sirudi nyuma.

#5 DadaVolti
Kabla ya kununua chochote pima, kaka. Injini inawaka, friji inafanya kazi, betri ya nyuma imepungua ili mkondo uwe mkubwa. Weka mita kwenye volti za DC.

Ncha moja gusa chanya ya betri ya mbele, nyingine chanya ya betri ya kempa. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea upande wa chanya. Kisha gusa hasi ya mbele na hasi ya nyuma, hizo zinapotea upande wa kurudi. Jumla ya mbili ikaribie 1.1. Mita haina waya mrefu? Unga kipande chochote cha waya mwembamba kwenye ncha moja. Mita haili mkondo wa maana, kwa hiyo wembamba hauharibu kipimo.

Gusa nguzo yenyewe ya betri, ile risasi, usiguse kile kibano cha juu yake. Kuna wakati hasara yote imekaa kati ya nguzo na kibano, umbali wa unene wa ukucha, kwenye ukungu mweupe ambao msasa ungeumaliza kwa dakika moja.

Halafu urudie injini ikiwa imezimwa na mkondo hakuna. Rilei ikiwa bado imeunga, namba zote zitakuwa sifuri, na hapo ndipo wengi wanadanganyika. Kipimo kisicho na mzigo hakisemi kitu kuhusu waya.

#6 MamboYaChesisi
Mimi nafunga ethi kwenye chesisi magari yote na hakuna lililorudi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, boliti ya M8, washa ya meno, grisi juu. Tatizo ni mafundi wanaofunga juu ya rangi.

#7 KokotoaKwanza
@MamboYaChesisi wewe na chesisi ni chanda na pete, tunajua. Kwangua rangi unavyotaka, boliti yako ya nyuma ikiwa safi kama kioo, bado umeme lazima uvuke mpira wa injini huko mbele. Kama hukuongeza kiwaya kinene kutoka chesisi hadi injini, umesafisha mlango wa nyumba ambayo haina ngazi.

#8 MamboYaChesisi
Sasa nani kasema siongezi? Nafunga 25 mm² kutoka hasi ya betri hadi chesisi na kingine kama hicho hadi injini. Jumla havifiki mita moja na nusu. Nafuu kuliko kuvuta hasi ya mita sita.

#9 Kirinyaga_Nbo
Hapa Nairobi kuna jambo lingine linalosumbua: waya wa alumini uliopakwa shaba. Dukani unauzwa kama waya wa betri, bei nusu, mwepesi mkononi. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba. Hebu nitumie hesabu ya #2 kwa waya huo: kwenda na kurudi ingefika karibu 1.1, ndiyo namba kamili ya MsafaraWaSame. Kwa chanya peke yake ni kama 0.55.

Kuutambua, kata ncha, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, umeuziwa alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, mali nzuri, hasa kwa wanaokaa pwani kwenye chumvi. Watu wanazichanganya hizi mbili na kutupa waya mzuri.

Alumini ina ubaya wa pili. Inalegea ndani ya lagi (kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya) kadiri inavyopata moto na kupoa. Leo umebana, baada ya miezi kadhaa ya mtikisiko waya unazunguka ndani ya lagi kwa vidole.

#10 MzeeWaFyuzi
Mmeingia kwenye volti, mmesahau moto. Ndugu MsafaraWaSame, hujataja fyuzi hata moja.

#11 MsafaraWaSame
Ipo moja, mzee wangu. Ampea 60, iko ndani ya kempa karibu na betri ya nyuma.

#12 MzeeWaFyuzi
Basi mita tano za waya kutoka betri ya mbele, zinazopita chini ya gari karibu na springi na ekzosi, hazina mlinzi. Waya huo ukichunika na kugusa chesisi, betri ya mbele itamwaga mamia ya ampea ndani yake. Fyuzi yako ya nyuma itakata upande wake tu. Upande wa mbele utaendelea mpaka plastiki iwake.

Waya unaounga betri mbili una vyanzo viwili vya umeme, basi fyuzi ni mbili, moja kila mwisho. Kanuni ya boti ya Marekani, ABYC, inataka fyuzi iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye chanzo. Gari si boti, lakini umbali huo ni wa kufuata. Kipande kisicho na fyuzi kifupishe kadiri unavyoweza na ukivalishe bomba la plastiki lenye mikunjo.

Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo inachaguliwa kwa unene wa waya. Kwa 6 mm² iliyopita kwenye joto la injini, 40 inatosha, 60 ni kubwa. Ukihamia 25 mm² unaweza kuweka 100 pande zote mbili. Tumia zile za kufungwa kwa boliti. Za kuchomeka zinalegea kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, na kishikio kilicholegea kinayeyuka huku fyuzi yenyewe ikiwa nzima.

#13 BetriKavu
Nadhani wote mmepita pembeni. 14.2 mbele ni ndogo kwa AGM. Karatasi za betri nyingi za aina hiyo zinataka 14.4 hadi 14.7 ili zijae. Hata angevuta waya mnene kama mkono, mwisho wake ni 14.2 ukiondoa kidogo.

Toyota nyingi zina waya wa kuhisi wa alteneta unaopita kwenye fyuzi iliyoandikwa ALT-S. Watu wanachomoa fyuzi hiyo na kuweka yenye dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja na kula kama nusu volti). Alteneta inadhani volti ziko chini kuliko zilivyo, inapandisha kama nusu volti. 14.2 inakuwa karibu 14.7.

#14 FundiGerezani
Hiyo dayodi siipendi. Betri ya mbele ya maji, iliyo kwenye joto la boneti, utaichemsha kwa 14.7 kila siku. Maji yatakauka kabla hujajua, na gesi ya haidrojeni itaongezeka mahali penye cheche. Unaponya betri ya nyuma kwa kuiua ya mbele.

#15 BetriKavu
Anayeangalia maji kila mwezi haui betri. Na kama ya mbele ni ya aina moja na ya nyuma, hoja yako haina mguu. Isitoshe, 12.4 baada ya saa sita haiwezi kuwa waya peke yake. Mkondo ukishuka mpaka ampea 5, hasara ya 1.1 inashuka mpaka 0.25. Waya mwembamba unachelewesha chaji, hauizuii. Saa sita ni nyingi. Betri ya miezi miwili iliyoshinda nusu kila siku inaanza kuota sulfeti kwenye sahani, na hapo inapokea kidogo huku volti zikipanda haraka.

#16 KokotoaKwanza
Hoja ya mkondo kushuka ni ya kweli na nzito. Lakini toa friji: inakula ampea 4 hadi 5 kompresa ikizunguka, na mchana wa joto inazunguka zaidi ya nusu ya muda. Kwa siku nzima weka 30 hadi 40 Ah. Kwa hiyo hata betri ikiwa karibu kujaa, waya haupumziki.

#17 MsafaraWaSame
Asanteni wote. Nimepima kama DadaVolti alivyoeleza, mkondo ampea 22:
Chanya hadi chanya: 0.62
Hasi hadi hasi: 0.46
Jumla 1.08.
Na nimekwangua uzi mmoja wa waya. Nje mweupe, ndani mwekundu.

#18 Kirinyaga_Nbo
Shaba iliyopakwa bati basi. Alumini naiondoa mezani.

#19 KokotoaKwanza
Na ethi imejionyesha: 0.46 kwenye njia ya chuma isiyotakiwa kula zaidi ya 0.1. Ila chanya inanisumbua. Shaba ya mita 5.5 ilipaswa kula 0.35, imekula 0.62. Kuna 0.27 nyingine imekaa kwenye rilei, kishikio cha fyuzi au lagi.

#20 FundiGerezani
Au joto. Shaba inaongeza ukinzani kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Waya ulio kwenye nyuzi 70 pembeni mwa injini umeongeza asilimia 20. 0.35 inakuwa 0.42. Halafu pima waya wenyewe: ulioandikwa 6 mara nyingi hauna 6. Hesabu nyuzi, pima unene wa mmoja.

#21 DadaVolti
Gawanya njia vipande. Ncha mbili za mita kwenye boliti mbili za rilei, kisha pande mbili za kishikio cha fyuzi, kisha kutoka shingo ya lagi hadi kwenye boliti yake. Kila kiungo kizuri kinasoma milivolti chache, yaani volti 0.005 au chini. Kinachosoma 0.05 kwa ampea 22 kinatoa joto la wati 1.1 mahali padogo kama kitufe cha shati. Kiguse baada ya nusu saa (kwa mgongo wa mkono), utakijua.

#22 MzeeWaFyuzi
Nakazia lagi. Kata ule mpira unaonywea kwa joto kwenye ile iliyo karibu na betri ya mbele, uangalie. Ukiona unga wa kijani shingoni na nyuzi zimekuwa nyeusi, asidi imepanda ndani. Hakuna kusafisha hapo. Kata sentimita chache mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, weka lagi mpya.

Lagi inabanwa kwa koleo la haidroliki lenye meno ya pembe sita. Nyundo na patasi vinaiponda upande mmoja na kuacha nafasi ya hewa upande wa pili. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu zako zote. Ikitoka, afadhali itoke mkononi mwako.

#23 MamboYaChesisi
Mimi naongeza risasi ya solda kisha. Hewa haiingii, kutu haiingii.

#24 MzeeWaFyuzi
Solda inapanda kwenye nyuzi kwa uwezo wake wa kunyonywa, inageuza sentimita mbili za waya laini kuwa fimbo. Fimbo inapokutana na waya laini ndipo panapokatika kwa mtikisiko. Kwenye nyumba tia solda unavyopenda. Kwenye gari, kubana tu.

#25 MamboYaChesisi
Ukitia kidogo ncha tu na kuuegemeza waya kwa kibano sentimita tano kutoka kwenye lagi, hauchezi, haukatiki. Tumetofautiana, mzee wangu, si mara ya kwanza.

#26 Shamba_Iringa
Nauliza pembeni kidogo wakuu. Kempa yangu iko juu ya Canter ya volti 24, vifaa vyote ni vya 12. Fundi ananiambia nichukue 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Ni sawa?

#27 FundiGerezani
Usikubali. Betri mbili zimepangwa foleni, alteneta inazichaji kama kitu kimoja cha volti 28. Ukinyonya kwenye moja, hiyo inabaki na njaa, na mwenzake analazimishwa kupokea volti zilizobaki. Moja itakufa kwa sulfeti, nyingine itachemka mpaka ikauke. Na gari litagoma kuwaka.

Kuna njia mbili. Kipunguzaji cha 24 kwenda 12 kikilisha vifaa moja kwa moja, au, bora zaidi, chaja ya DC-DC (inayopokea umeme wa betri na kuubadili volti) ya 24 kwenda 12 ikichaji betri ya kempa. Faida ya volti 24 ni kwamba mkondo kwenye waya mrefu ni nusu, kwa hiyo weka chaja nyuma kwenye kempa na uvute 24 mpaka huko.

#28 Shamba_Iringa
Nimekusoma. Ubarikiwe.

#29 BetriKavu
Na hapo FundiGerezani kajijibu mwenyewe kuhusu gari la MsafaraWaSame. Chaja ya DC-DC inamaliza mjadala wote: inapokea 12.5, inatoa 14.6 kwa hatua ambazo AGM inazitaka. Waya mrefu, alteneta ya 14.2, yote yanafutika. Na kwa magari mapya yenye alteneta inayoshusha volti ili kuokoa mafuta, rilei ya kuhisi volti haifai kabisa. Inaunga na kuachia siku nzima.

#30 KokotoaKwanza
Hayafutiki. Chaja inayotoa ampea 25 kwa 14.4 inatoa wati 360. Ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, inavuta wati 400 mbele. Kwa 12.5 hiyo ni ampea 32, na volti zikishuka njiani inavuta zaidi ili kufidia, hasara inaongezeka, volti zinashuka tena. Kwenye waya wa 6 mm² na ethi yake ya 0.46, chaja itafika kizingiti chake cha chini, itazima, volti zitapanda, itawaka. Utaiona taa inapepesa na utalaumu chaja. Angalau 16 mm², na hasi yake mwenyewe.

#31 FundiGerezani
Na 1HZ haina alteneta ya kushusha volti. Rilei yake inatosha. Kwa bei ya chaja moja unanunua waya wa 25 mm² na chenji inabaki.

#32 BetriKavu
Ukihamia lithiamu utanikumbuka.

#33 Muscat_Barabara
Kwa anayefikiria lithiamu: ukinzani wake wa ndani ni mdogo, hivyo ukiunga kwa rilei na waya mnene inanyonya kila ampea alteneta iliyo nayo. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), feni ya alteneta inazunguka polepole huku mzigo ukiwa wa juu, na nyaya za ndani ya alteneta zinaungua. Chaja ya DC-DC inaweka kikomo.

Jambo la pili, kinga ya ndani ya betri ikikata ghafla wakati wa chaji, na ndiyo mzigo mkubwa pekee, volti za alteneta zinaruka juu na dayodi zake zinakufa. Usiipe lithiamu nafasi ya kuwa betri pekee kwenye alteneta.

Tatu ni joto. Huku Oman wakati wa kiangazi, kasha la betri lililofungwa juani linapita nyuzi 50 kwa urahisi, na betri nyingi za lithiamu zinakataa chaji kwenye joto kama hilo. Ndani ya kempa chini ya kitanda ni sawa. Chini ya boneti, kamwe. Na fyuzi yake isiwe ya kuchomeka: hizo zinaweza kukata shoti ya kama ampea 1,000, na lithiamu ya 100 Ah inaweza kupita hapo. Aina ya T inakata hadi 20,000.

#34 PampuNaMaji
Mmenitisha na T hiyo. Nikiongeza inveta ya wati 1000 kwa ajili ya blenda na kompyuta, waya gani?

#35 KokotoaKwanza
1000 gawa kwa 12, gawa kwa 0.85 ya ufanisi: ampea 98. Iweke ndani ya mita moja na nusu kutoka betri, waya 35 mm², fyuzi 125. Hiyo haipiti chesisi, chanya na hasi zote ziende moja kwa moja kwenye betri. Kwa AGM ya 100 Ah, nusu saa ya mzigo kamili umemaliza nusu ya betri, kwa hiyo blenda sawa, pasi hapana.

#36 DadaVolti
Na mara tu unapoingiza volti 230 kwenye sanduku la bati, mambo ya usalama yanabadilika. Umeme wa kambi na wa inveta visikutane kamwe kwenye soketi moja bila swichi ya kuchagua yenye nafasi ya sifuri katikati, inayokata laivu na nyutro zote mbili. Mtu akichomeka plagi ya TANESCO wakati inveta imewashwa, inveta inaungua, au plagi iliyochomolewa inabaki na umeme kwenye meno yake.

Weka pia swichi ya kukata umeme ukivuja, ya milliampea 30, na bati la kempa liungwe kwenye ethi ya 230.

#37 MzeeWaFyuzi
Hiyo swichi ya 30 nyuma ya inveta ndogo haifanyi kazi. Nyutro ya inveta hizi haikuungwa na ethi, inaelea. Ukishika waya mmoja hakuna njia ya kurudi, basi hakuna cha kuvuja, swichi haikati.

#38 DadaVolti
Ndiyo maana nyutro inaungwa na bati kwenye inveta, kisha swichi inafuata.

#39 MzeeWaFyuzi
Kwa inveta ambayo kitabu chake kinaruhusu. Kuna ambazo volti 230 zimegawanywa, 115 kila upande kutoka katikati. Ukiunga upande mmoja na bati umeua inveta. Mimi namwambia mwenye inveta ndogo aiache ielee, kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, bila waya wa kurefusha.

#40 DadaVolti
Inayoelea ni salama mpaka kosa la kwanza. Kosa hilo halionekani, hakuna kinachokatika, na la pili linampata mtu. Sikubaliani, shikamoo hata hivyo.

#41 MzeeWaFyuzi
Marahaba mwanangu. Soma kitabu cha inveta kwanza, hapo tuko pamoja.

#42 TrelaMbili
Kempa yangu ni ya kuvutwa. Soketi ya trela ya pini 7 niliyonayo inaweza kuchaji?

#43 FundiGerezani
Hapana. Zote saba zina kazi ya taa, na pini 3, waya mweupe, ndiyo ethi ya zote. Ile ya pini 13 ina 9 kwa umeme wa kudumu na 10 kwa umeme wa swichi, na ethi zao ni 13 na 11, lakini waya wake ni 2.5 mm² tu. Taa na friji ndogo basi. Kwa chaji weka plagi ya Anderson (plagi nzito ya mkondo mkubwa) ya ampea 50 peke yake, chanya na hasi, 16 mm² kwenda juu, na kifuniko cha vumbi. Na usitegemee mpira wa kuvutia kuwa ethi. Una grisi, unacheza, na umeme utatafuta njia kwenye beringi za magurudumu.

#44 MsafaraWaSame
Nimerudi na vipimo vya vipande, ampea zikiwa 21:
Boliti hadi boliti za rilei: 0.09
Kishikio cha fyuzi: 0.04
Lagi ya mbele: 0.03, na ndani kuna kijani kama mzee alivyosema.
Lagi nyingine mbili hazisomi kitu.
Waya wenyewe, shingo hadi shingo: 0.45.

#45 KokotoaKwanza
Jumla 0.61, imetimia. Rilei ya 0.09 ni nyingi, mdomo wake umeungua. Lakini 0.45 kwenye waya wa 6 mm²? Ilipaswa 0.34.

#46 FundiGerezani
Joto au wembamba. Nilisema.

#47 BetriKavu
Na hata mkiipata hiyo 0.11, bado hamjaeleza 12.4 baada ya saa sita. Ijaze kwa chaja ya ukutani usiku kucha, iache saa 12 bila kitu chochote, pima. Ikisoma 12.7 au zaidi naomba radhi. Ikisoma 12.5, waya mpya utachaji betri iliyokwisha.

#48 DadaVolti
Hicho ni kipimo kizuri, kifanye. Na siku ya kubadili waya: hasi ya betri ya mbele inatoka kwanza na inarudi mwisho, hasi ya nyuma hivyohivyo. Fyuzi zote mbili ziwe mfukoni mpaka kila boliti imekazwa. Pitisha waya upande usio na ekzosi, ufunge kila sentimita 30 kwenye chesisi, usiufunge kwenye bomba la breki wala la dizeli. Kila tundu la bati liwe na mpira wake.

#49 MsafaraWaSame
Betri nimeiweka kwenye chaja ya ukutani sasa hivi. Kesho jioni naleta namba. FundiGerezani, 25 mm² ya shaba iliyopakwa bati, mita 12, nianzie duka la upande gani?

#50 Kirinyaga_Nbo
Popote uendapo, beba wembe.